Shamba Moja, Ndege Wote

Ndege walikuja asubuhi, umande haujakauka, na Célestine aliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ilikuwa kama ya mvua inayokuja juu ya majani. Alikuwa amesimama chini ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho mumewe alikijenga katikati ya shamba, akikaza kamba iliyofungwa mikebe mitupu. Alipoinua macho, wingu la kahawia lilipinda juu ya msitu, likajikusanya, likashuka lote kwa pamoja juu ya mpunga wake.

"Baba Hervé!" alipiga kelele. "Upande wa chini! Iko upande wa chini!"

Mumewe Salomon alikimbia na kombeo mkononi. Binti yao Naomie alivuta kamba, mikebe ikalia. Ndege waliruka, wakazunguka mara moja, wakatua upande wa juu. Salomon akapanda mbio. Walipomwona amefika juu, wakarudi chini. Ikawa hivyo mpaka jua likawa kali. Mpunga ulikuwa bado wa kijani, punje zake laini. Ukibana punje moja kwa kucha, inatoa maziwa meupe. Hayo maziwa ndiyo ndege waliyoyafuata. Suke walilokwisha kulifyonza lilibaki limesimama wima, jepesi, halina kitu ndani.

Zamani ndege hao hao walikuja Kimwanga na hakuna aliyehangaika sana. Mlima wote ulikuwa mpunga. Walikula kwa huyu kidogo na kwa yule kidogo, wakifukuzwa huku wanakwenda kule, na watoto wakiitana kutoka dungu hadi dungu. Lakini watu walikuwa wameondoka, nyumba moja baada ya nyingine. Wanaume walikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, wake wengine wakawafuata, wengine wakahamia Kasongo mjini. Waliobaki walipanda mihogo nyuma ya nyumba, maana ndege hawali muhogo. Msimu huu, kutoka Kimwanga hadi njia ya Wamaza, shamba la mpunga lilikuwa hilo moja tu, na ndege wote wa msitu ule hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Tulifanya ujinga kulima peke yetu," alisema Salomon walipokaa kupumua. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Wenzetu waliona mbali."

"Mbegu ingelala mwaka wa pili ingekufa," alijibu Célestine. "Na haiko kwa mutu mwingine hapa. Ungeenda kuiomba wapi?"

"Sasa tunalima mbegu ya kulisha ndege."

Célestine alikuwa amekwisha kusimama, maana lile wingu lilikuwa linapinda tena.

* * *

Jirani yao wa karibu alikuwa Marcelline, ambaye watu walimwita Mama Christophe. Mumewe alikuwa machimboni tangu kabla ya mvua, naye alibaki na watoto wanne. Zamani watoto wa nyumba hiyo na wa nyumba ya Célestine walikuwa wanaamia ndege pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna aliyeuliza malipo. Watu wazima nao walifanya salongo: kijiji kizima kwenye shamba la mtu mmoja, kisha kwenye shamba la mwingine.

Célestine alimkuta akimenya mihogo mlangoni. Alimwamkia, akaulizia watoto, akaulizia mguu wake uliokuwa unamuuma. Marcelline alijibu yote bila kuacha kisu. Alikuwa anajua kilichomleta mwenzake. Kelele za mikebe zilikuwa zinafika mpaka pale uani.

"Mama Christophe, nilikuja kukuomba watoto. Mpaka mupunga ukauke tu. Tuko watu watatu, hatuwezi."

"Watoto wangu wanabeba mchanga kule kijitoni, kwa wale watu wanaosafisha dhahabu. Jioni wanarudi na kitu. Kwako watarudi na nini?"

"Wakati wa kuvuna nitawapa mupunga."

"Kama utabaki." Marcelline alitupa muhogo ndani ya beseni. "Na ukibaki, nani atautwanga? Siku hizi mutu akiwa na pesa ananunua muchele wa mufuko, unaiva mara moja. Akikosa, anakula bugali. Wewe tu ndiye uko mlimani unapigia kelele majani."

Mtoto mdogo wa Marcelline alicheka, akaigiza mtu anayerusha mikono na kupayuka. Mama yake hakumkataza. Célestine naye alijaribu kucheka kidogo, ili ionekane ni utani, kisha akaaga. Njiani alijikuta anatembea upesi kama mtu aliyeiba.

Jioni ile Salomon alimwambia mkewe, "Nitaenda Salamabila kumchukua Hervé. Ni mutoto wetu. Hawezi kukataa akiniona mimi mwenyewe."

"Utarudi lini?"

"Mama Hervé, ninakwenda kuchukua mutu tu. Nitalala, nitarudi naye."

Ayoubu, kijana wa moto aliyepeleka watu na mizigo kwa pikipiki yake barabara ile yote, alimpakia kesho yake asubuhi. Salomon alivaa shati lake la kanisani.

* * *

Alimkuta mwanawe amesimama ndani ya maji ya tope mpaka kiunoni. Walitoka pembeni, lakini si mbali. Wenzake Hervé walikuwa wanasikia kila kitu.

"Mama anataka niache shimo nije kufukuza ndege?" aliuliza Hervé, na wale wengine wakaangua kicheko.

Salomon aliona aibu. Hakuona aibu kwa ajili ya mwanawe, aliona kwa ajili ya shati lake safi na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. "Ni kwa wiki chache," alisema.

"Baba, nikitoka leo, kesho hii nafasi iko na mutu mwingine. Unajua nilingoja namna gani kuipata?" Hervé alipunguza sauti. "Kama unataka kumsaidia mama, baki. Tunakosa mutu wa kuvuta maji. Utamtumia chakula. Ile mupunga haitatosha hata ikikomaa yote."

Salomon alisema atabaki siku chache tu. Alivua shati, akalikunja vizuri. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, lakini hapa hakuna aliyemwita mjinga, na mwisho wa wiki walimtia kitu mkononi. Akapita kwenye duka la mfanyabiashara mmoja wa Kasongo, akanunua mfuko mzima wa mchele. Aliubeba begani mwenyewe mpaka kwa Ayoubu, na watu wakampisha njia. Aliamini kabisa kwamba amefanya jambo jema.

* * *

Célestine na Naomie walikuwa wameacha kurudi nyumbani mchana. Naomie hakwenda shule tena. Walikuwa wamegawana mlima: mama upande wa juu, binti upande wa chini, na katikati hakuna mtu, na ndege walikuwa wamekwisha kuligundua hilo. Ukingo mzima wa upande wa msitu ulikuwa mweupe, masuke matupu. Kila jioni Célestine alipita akiyashika kwa vidole, na kila jioni alirudi haraka kuliko jana, kwa sababu hakutaka kujua zaidi.

Aliposikia moto inakuja alishuka mbio mpaka barabarani. Alikuwa tayari anatafuta kwa macho watu wawili nyuma ya Ayoubu. Aliona mfuko.

"Mama Hervé, bwana yako anakusalimia sana," alisema Ayoubu, akifungua kamba za mpira. "Alipata kazi pamoja na Hervé. Anasema usijisumbue tena na shamba. Chakula iko."

Ulikuwa mfuko wa plastiki unaong'aa, umeandikwa maandishi ya nchi za mbali, na picha ya ua jekundu. Célestine aliutazama. Alitaka kupiga kelele, kumtukana Salomon na Hervé na hata huyu kijana ambaye hakuwa na kosa, lakini sauti yake ilikuwa imekwishia kwa ndege. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Urudishe."

"Mama?"

"Urudishe kwake. Mwambie alikwenda kuchukua mutu, hakuna aliyemtuma mufuko."

Ayoubu alijikuna shingo. "Mama, nikirudi nao watasema niliiba nikaogopa. Na mafuta ya kwenda nao tena nani atalipa? Unisamehe. Mimi ni mutu wa kubeba tu."

Naomie alikuwa amefika, anahema. Tangu jana alikuwa amekula muhogo wa kuchoma na karanga chache. Aliweka kiganja juu ya ule mfuko. "Mama, tupike," alisema. Kisha akageuka, kwa sababu huko mlimani ndege walikuwa wameshuka wote kwa nafasi ile, na akaanza kukimbia tena kupanda, mkono mmoja umeshika mbavu.

Célestine alikaa juu ya mfuko, pale pale pembeni ya barabara. Ayoubu hakuthubutu kuwasha moto yake. Mwishowe mama alisimama.

"Nisaidie kuupandisha," alinong'ona.

"Nyumbani?"

"Shambani."

* * *

Sufuria kubwa ya kijiji ilikuwa ya kanisa, ile ya kupikia watu wa msiba, na mtunzaji wake alikuwa Cécilia, bibi mjane aliyekaa peke yake nyuma ya kanisa.

"Nani amekufa?" aliuliza Cécilia.

"Hakuna aliyekufa. Ninapika shambani."

"Sufuria hii haijatoka kwenda shambani hata siku moja."

"Bibi, tafadhali."

"Sikusema hapana. Nilisema haijatoka." Cécilia alitafuta fimbo yake. "Mimi nitaifuata. Ikitoboka, padri ataniuliza mimi."

Hivyo mtu wa kwanza kuja kulinda mpunga alikuja kulinda sufuria. Alikaa kwenye kivuli cha dungu, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, Naomie alimpa ncha ya kamba ya mikebe. Bibi akaivuta. Ndege wakaruka katikati, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Cécilia aliitazama kamba, akaivuta tena.

Célestine alipika na mafuta ya mawese na sombe ya majani ya muhogo, kifuniko wazi, na upepo wa mchana ukashusha harufu mpaka kijitoni. Watoto wa Marcelline walitokea wa kwanza, miguu yao ina mchanga. Walisimama ukingoni mwa shamba, wakitazama sufuria.

"Atakayepiga kelele mpaka jua lishuke, anakula sasa na anakula jioni," Célestine aliwanong'oneza, na Naomie akarudia maneno hayo kwa sauti.

Marcelline alifika nyuma yao, fimbo mkononi, hasira usoni. "Mama Hervé! Unanunua watoto wangu kwa chakula?"

"Uliniuliza watarudi na nini. Watarudi wameshiba."

"Mimi sikukuuza watoto!"

"Na mimi sikusema uniuzie. Kaa nawe. Sahani iko."

Marcelline alisimama. Mumewe hakuwa amemtumia kitu tangu mvua zianze, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, na katika beseni lake mihogo ilikuwa inapungua. Alimtazama mwanawe mdogo, yule mwigizaji, akila kwa mikono miwili. Kisha alikaa, akageuza mgongo upande wa Célestine, akala. Alipomaliza alifuta mdomo, akatazama ndege waliokuwa wametua upande wa msitu, akasimama na kuwafokea mara moja tu. Marcelline alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sauti yake iligonga mlima wa pili ikarudi. Ndege walipaa wote.

"Hivyo ndivyo wanafukuzwa," alisema, bado hatazami mtu. "Si kunong'ona."

Kesho yake walikuja wamama wengine wawili na watoto wao. Dungu moja halikutosha. Watoto walijenga mengine mawili ya matawi. Kulikuwa na ugomvi, kwa sababu mama mmoja aliweka sahani mbili za siri ndani ya kikapu, na kwa sababu Cécilia alitaka sufuria isuguliwe kwa majivu kila siku. Lakini ndege walianza kuchelewa kuja, na wakija hawakuthubutu kutua muda mrefu.

Tatizo lilikuwa mfuko. Mpunga ulikuwa bado haujakauka, na mchele ulikuwa umefika chini kabisa.

"Tukate sasa," alisema Marcelline siku Célestine alipokung'uta mfuko juu ya sufuria. "Punje zimeshika. Tuuchemshe na maganda yake, tuanike, tutwange. Tutakula wote. Tukingoja, watu watarudi kijitoni na ndege watamaliza."

Wengine waliitikia. Walikuwa na haki, na Célestine alijua hivyo.

"Mupunga uliochemshwa hauoti," alisema. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, nzito kama ya mwanaume. "Na ule mubichi hautoi mbegu ya maana. Tukikata yote leo, mwaka kesho hakuna mupunga Kimwanga. Si kwangu, si kwenu."

"Mwaka kesho!" Mama mmoja alipiga makofi. "Watoto wako na njala ya leo!"

Célestine alitembea ndani ya shamba, akashika masuke hapa na pale. Upande wa juu, wenye jua, ulikuwa mbele kidogo kukomaa. Chini kulikuwa kijani bado. Aliporudi, wenzake walikuwa wameanza kuokota vikapu.

"Upande wa juu wote ni wenu," alisema. "Kateni leo, chemsheni, gawaneni. Mimi sitachukua hata kikapu kimoja. Lakini huu wa chini hakuna kuugusa. Mutaulinda pamoja nami mpaka ukauke."

"Na wewe na mutoto mutakula nini?"

"Mihogo iko."

Naomie alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa kofi. Alichukua kisu, akapanda juu pamoja na watoto wengine, akakata mpunga ambao hakuwa na sehemu ndani yake, na alipokuwa anakata alikuwa analia kwa hasira. Marcelline alimwona. Jioni ile, wakati wa kugawa, alimwaga kikapu kimoja kizima mbele ya miguu ya yule msichana, akaondoka kabla hajashukuriwa.

* * *

Upande wa chini ulikauka. Walivuna suke kwa suke, kwa visu vidogo, na ilikuwa kidogo kweli kweli. Mwaka mwingine Célestine angeona haya kuyabeba mavuno kama hayo kupita kijijini mchana.

Marcelline alikuja kumtazama anafunga masuke mafungu mafungu, ya kutundikwa juu ya moto moshi uyakinge na wadudu.

"Utanipa mbegu," alisema.

"Ulisema siku hizi watu wananunua."

"Ndiyo, nilisema. Usifikiri ninaomba kwa mapendo. Ukilima tena peke yako, ndege watakuja kwako wote, na wewe utakuja kwangu kuomba watoto. Nimechoka kupiga kelele kwenye shamba la mutu." Alichukua suke moja, akalikagua. "Tulime watatu, wanne, mahali pamoja, siku moja. Bibi Cécilia anasema naye anataka kipande. Sijui atalima na mikono gani."

"Na miti? Shamba la mwaka huu limechoka, na miti ya msitu wa mlimani nani ataikata?"

"Tusiende mlimani. Kuna lile pori la nyuma ya kanisa, limelala miaka michache tu. Vijiti tutakata wenyewe. Miti mikubwa iko mitano, labda sita. Tutatafuta mutu wa kulipa."

Bado walikuwa wanabishana ni nani atampata mtu huyo, na kwa nini, wakati Salomon alipoingia uani.

Alikuwa amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Lile shati la kanisani lilikuwa limegeuka rangi ya udongo, na miguu ilikuwa imevimba. Alisalimia. Marcelline aliitikia, akapata ghafla kazi ya kufanya nyumbani kwake.

"Nilikuja kuwachukua," alisema Salomon alipokwisha kukaa. "Hervé alijenga kibanda. Nafasi iko. Wewe utapika, uuze. Wamama wengi wanafanya hivyo pale."

"Ulikula?" aliuliza Célestine.

"Bado." Alitazama mafungu yaliyotundikwa juu ya jiko, na uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza. "Kumbe mulivuna. Nipikie kidogo, mama. Kule nilikuwa ninaota muchele wa hapa."

"Ule ni mbegu."

"Na ule niliotuma?"

"Uliliwa na watu waliolinda huu."

Célestine alimwekea bugali na sombe. Salomon alikula pole pole, akimsikiliza Naomie, ambaye alimsimulia yote bila kuficha na bila huruma: sufuria ya msiba, Marcelline na fimbo yake, mpunga uliokatwa mbichi, mihogo waliyoila. Alipofika mahali pa Ayoubu na mfuko, Salomon aliacha kutafuna.

"Nilifikiri nimewasaidia," alisema.

Célestine aliendelea kufunga masuke. Angeweza kumwambia kwamba ni kweli, mfuko ulisaidia. Hakumwambia.

"Baba, utarudi Salamabila?" aliuliza Naomie.

Salomon alinawa mikono, akasimama kwa shida, akaingia ndani. Walimsikia anahamisha vitu kwenye kona. Alitoka na shoka lililokuwa limeshika kutu, akapitisha kidole gumba kwenye makali yake.

"Nilimsikia Mama Christophe anasema miti," alisema. "Tupa iko wapi?"

"Hervé alienda nayo."

Alisimama na shoka lake kama mtu aliyesahau alichofuata. "Basi nitatafuta jiwe," alisema mwishowe, akatoka.

Célestine hakuinua kichwa. Lakini aliacha kamba mikononi, akasikiliza miguu ile iliyovimba ikikanyaga kokoto za uani. Ilikwenda upande wa kijito. Haikwenda upande wa barabara.